Patella, Sahani Ndogo

Baba,

Shikamoo. Huku Mpepai kahawa imekubali mwaka huu, na Mama amenenepa kidogo, ingawa hataki kusikia nikisema hivyo.

Nakuandikia kuhusu ule mtihani wa mifupa. Unakumbuka nilivyorudi nyumbani nimefeli, chuo kikanipa nafasi moja tu ya kurudia, nikishindwa basi niage masomo ya uganga. Nikawa nakariri huku tunachambua kahawa kwenye kichanja: patella, tibia, clavicula. Wewe, mwanakwaya wa zamani uliyekulia kwenye misa ya Kilatini, ukavua kofia na kuitikia kila jina: "Ora pro nobis," yaani utuombee. Ulidhani nasali litania ya watakatifu. Nilicheka hadi nikamwaga kahawa.

Nilipokueleza kuwa ni mifupa, hukuona aibu hata kidogo. Ulitaka maana. Nikakwambia patella, kile kifupa cha mbele ya goti, kwa Kilatini ni sahani ndogo. Tibia, mfupa wa muundi, ni filimbi. Clavicula, yaani mtulinga, ni ufunguo mdogo. Ukasema, "Miaka yote naiogopa lugha hii, kumbe ni ya watu wa kuosha vyombo." Tangu hapo uliendelea kuitikia, ila ulidai maana kwanza. Nisipoijua, hakuna kuombewa.

Halafu ukafariki tukiwa ndiyo kwanza tumefika kwenye mbavu. Nilikukasirikia, Baba, nakwambia ukweli.

Siku ya mtihani mwalimu aliniwekea mkononi kijifupa cha goti, akauliza jina na maana yake. Nikajibu, nikatulia nikisubiri sauti yako. Machozi yakanitoka. Mwalimu akadhani ni woga, akaniletea maji.

Matokeo yalinikuta Kitai nasubiri basi. Nikapiga namba yako kabla sijafikiri. Mama, aliyebaki na simu yako, akapokea, akasikia kicheko changu, akaelewa, akapiga vigelegele nusura anitoboe sikio. Watu wa stendi walinitazama nalia huku nacheka.

Jumatatu naanza mafunzo kwa vitendo kwenye zahanati kule Lundo. Nakuahidi, mgonjwa yeyote atakayekuja kwangu nitamwambia kwa Kiswahili kinachomuuma, na akitaka maana nitakaa chini nimweleze.

Pumzika, Baba. Mama ameshalitangazia kanisa zima, lakini wewe nilitaka usikie kutoka kwangu mwenyewe: binti yako amefaulu.