Risasi Katikati ya Lualaba

Mujukuu wangu Zaina,

Salamu toka kwetu Kindu. Tuko wazima, na dada yako amejifungua mutoto wa kiume.

Umeniuliza uingie jeshi gani, la nchi kavu ao la maji, wapi njo kuna watu hodari. Mimi nilikuwa wa nchi kavu. Mwalimu wetu alitufundisha mpaka ikaingia mwilini: ukisikia risasi, jitupe chini.

Wakati wa vita, askari wa maji walituvusha muto Lualaba kwa mutumbwi, karibu na Lokandu. Sajini wao akasema, "Humu ndani, mukisikia risasi, mukae vilevile. Hakuna kujitupa." Tukamucheka.

Katikati ya maji risasi zikalia. Rafiki yangu Amisi akajitupa ubavuni, mutumbwi ukainama, akatumbukia na muzigo wake mgongoni. Mimi pia nilishaanza kujitupa, lakini sajini akanikandamiza bega: "Kaa!" Nikakaa. Amisi hatukumuona tena.

Hakuwa muoga. Alifanya vizuri kile alichofundishwa. Ng'ambo, sajini alikaa kwenye mchanga akilia. "Nilisema mara moja tu," alituambia. "Ningesema mara mbili."

Kati ya hao wawili, Amisi na sajini, mpaka leo sijui nani alikuwa hodari zaidi. Chagua wewe, mama. Mimi nitakuombea.

Babu yako,
Ramazani