Cherehani Barazani

Morogoro, 6 Machi 1995

Mwanangu Martina,
Mimi mzima, mgongo tu ndio unaonikumbusha umri. Wewe na wanafunzi wako huko Turiani hamjambo?

Unajua tangu kiwanda kituuzie nyumba hizi tuna umoja wa wenye nyumba. Mwenyekiti, Mzee Kasimiri, amenipa siku sitini niondoe cherehani barazani. Katiba yetu, iliyonakiliwa kutoka sheria za kiwanda, inakataza biashara nyumbani. Nikamwambia, "Mzee, kazini tumepunguzwa sote. Tule nini?" Akajibu, "Katiba ndiyo inasema, siyo mimi." Nakutumia nakala uisome.

Mama yako,
Rosa

Turiani, 15 Machi 1995

Mama mpendwa,
Shikamoo. Sijambo, ila matope ya huku yamemaliza viatu vyangu.

Usiondoe cherehani. Kifungu cha mwisho kinasema theluthi mbili ya wenye nyumba wakitia saini, katiba inabadilishwa. Nyumba ni thelathini. Tafuta saini ishirini. Nenda kwa upole, hata kwa wale mlionuniana nao.

Mwanao,
Martina

Turiani, 27 Aprili 1995

Mama,
Shikamoo. U mzima kweli? Nimeandika mara mbili bila jibu, na siku ulizopewa zinaisha. Au umekata tamaa? Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao,
Martina

Morogoro, 4 Mei 1995

Martina mwanangu,
Nisamehe, ni mzima, nilikuwa natafuta saini hadi milimani. Saini zilikwama kumi na tisa. Wengine walikataa; aliyebaki ni Bibi Asia, jirani yetu mwenye nyumba aliyerudi kwao Mgeta kulima. Nikapanda lori la mboga, kisha nikakwea kwa miguu nusu siku. Alisoma karatasi mara mbili, akauliza, "Na kufuga kuku je?" Nikamwambia hilo tutalidai mwakani. Akasaini, akanibebesha kabichi nne.

Jumapili Mzee Kasimiri alihesabu saini mkutanoni. Kisha akasema, "Miaka yote nimesimamia sheria walizoandika wengine. Hii tumeandika wenyewe." Watu wakapiga makofi, mimi nikalia.

Kwa ajili ya wapenda utulivu, niliongeza mwenyewe kwamba kazi zikome saa kumi na mbili jioni. Jana saa kumi na mbili na nusu nilikuwa bado nashona sare za shule. Mzee Kasimiri akasimama barazani, katiba mpya mkononi. "Mama Martina, muda umepita."

Nikafunika cherehani. Ningebishana naye vipi, na maneno ni yangu?

Mama yako,
Rosa