Manjano ya Koo Lako

Mansehra

Mdogo wangu Shehryar,

Sisi wazima. Theluji imeyeyuka, na mbuzi wa Mama amezaa mapacha.

Lile gari ulilonipa ili nikuachie fungu langu la shamba la Baba, hata wajomba wakanisifu kuwa dada mwema, lilikuwa linamaliza maji kila siku na chini halidondoshi hata tone. Nikalipeleka kwa fundi Gulbaz. Akajaza upepo kwenye rejeta kutafuta panapovuja, akasikiliza, kisha akafunua zulia upande wa abiria. Lilikuwa limelowa chepechepe, maji ya njano.

"Dada, humu mmepika mchuzi?" akacheka. "Hita ya ndani, inakopita maji ya injini, imetoboka. Kuna mtu kaziba tundu kwa kumwaga unga wa manjano kwenye rejeta ili alitoe gari mikononi mwake. Yanashika wiki chache tu."

Ameshafunga hita nyingine.

Nikakumbuka jioni ile kabla hujanikabidhi ufunguo. Uliniomba manjano, ukasema koo linakuwasha. Nilikupa kopo zima, na maziwa nikakuchemshia uyanywe nayo. Asubuhi niliyakuta yamefanya utando, hujayagusa.

Mama ameniuliza kama koo lako lilipona. Nimemwambia lilipona.

Dada yako mwema,
Zarmina