Daraja Lililokatika Katikati

Kaka yangu,

Hili sijamwambia mtu. Vile vijiti vya plastiki vilivyobaki ulipounda vifaru vyako vya vita vya kuchezea, vijiti ambavyo Baba aliamuru vichomwe ulipogombana naye ukaondoka, nilivificha. Naviunganisha kwa dawa ya kufutia rangi ya kucha, maana huyeyusha plastiki ikashikana, na sasa mchezo wetu wa vita una uzio, ngazi na daraja. Mama akinusa huuliza, "Wewe binti, kucha gani hizo za kufutwa kila siku?"

Daraja nimeliacha na pengo katikati. Utaliziba wewe.

Jana Baba alilikuta chini ya kitanda. Nikajua nimekwisha. Akasema tu, "Halifiki ng'ambo," akatoka.

Leo nimekuta askari wako mdogo wa plastiki amesimama ukingoni mwa pengo, yule tuliyedhani alitupwa. Kumbe Baba alikuwa naye.

Rudi, kaka. Nasikia kandambili za Baba zinakuja. Naificha barua chini ya daraja, mahali anapopajua.