Wanawake Watatu Ukutani, Hakuna Mwenye Mdomo

Shikamoo, mshauri. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, nimemaliza shule mwaka huu, na sijawahi kumwandikia mtu nisiyemjua, kwa hiyo nivumilie nikijichanganya, maana hata nyumbani wanasema nikiulizwa jambo navijibu viatu vyangu.

Shida yangu ni kwamba simalizi. Napenda kuchora kuliko kitu chochote, na chini ya kitanda changu kuna michoro thelathini na moja, nimeihesabu jana, farasi hana miguu, soko halina watu, mdogo wangu hana masikio, na kila mmoja nilipouanza niliamini huu ndio wenyewe, na kila mmoja ulipobakiza kidogo tu nikauona mwingine kichwani mzuri zaidi, nikauacha. Hayo yalikuwa yangu na kitanda changu. Sasa yamemfikia shangazi.

Shangazi, dada yake baba, ana saluni. Nilipofanya mtihani wa mwisho alinipa ukuta mzima unaotazamana na vioo, akasema, "Nichoree mwanamke aliyesukwa akapendeza. Mmoja tu. Baba yako anataka ukasomee ukarani, nimemwambia asubiri kwanza aje auone ukuta."

Nilianza kushoto. Nywele zilitoka vizuri mno, mistari imelala kama iliyopigwa rula, macho yakatoka, pua ikatoka, na nilipofika mdomoni mteja mmoja akasema, "Mbona anafanana na mwenye saluni?" Nikatazama, na kweli, shavu lilikuwa la shangazi mtupu, nikashusha brashi, nikaona bora nianze mwingine katikati asiyefanana na mtu. Huyo nimechora shingo na nywele, uso bado. Wa tatu yuko kulia, ana nywele upande mmoja. Huu ni mwezi wa tatu tangu nianze, ngazi imesimama katikati ya chumba, wateja wanaipita kiubavu, na msusi mwenzake shangazi, tunamwita Vidole, hanisalimii bila kunichoma.

"Bi Nusu, huyu wa kushoto amekosa nini hata anyimwe mdomo? Au ana siri zetu?"

Juzi mteja aliuliza kama kusukwa upande mmoja ndio mtindo mpya, Vidole akamjibu, "Ndio, dada, na bei ni ile ile." Wote wakacheka. Mimi nikajifanya naosha brashi. Nimeiosha brashi hiyo mpaka imeota upara.

Shangazi hajawahi kunigombeza, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Jumamosi mimi humsaidia kusuka wateja wakizidi, na hiyo iliyopita nilikuwa namalizia kichwa cha mama mmoja mwenye safari, shangazi akasema bila kugeuka, "Baba yako anakuja Jumapili ijayo. Ijumaa jioni nikiukuta ukuta hivi hivi, Jumamosi asubuhi fundi anaupiga chokaa, nawe uende ukarani." Akaendelea kuchana.

Mshauri, nina wazo la mwanamke wa nne, mzuri kuliko wote, anacheka akitazama juu, na pale juu ya mlango nafasi bado ipo. Nimeshaanza kumchora kwenye daftari. Je, nimwombe shangazi wiki moja zaidi? Au mimi si msanii, niende zangu tu nikawe karani?

Ni mimi, Bi Nusu

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeitanguliza mbele ya wenzako kwa ajili ya hiyo Ijumaa.

Kwanza weka hilo daftari chini. Wa nne! Watatu wamesimama ukutani miezi mitatu bila midomo, nawe unatafuta nafasi juu ya mlango. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nimeshika kichwa.

Unaniuliza kama wewe ni msanii. Sijui. Baba yako naye hatajua, kwa sababu hujampa hata kitu kimoja cha kutazama. Hujachora mara thelathini na moja, umekimbia mara thelathini na moja. Na hilo wazo la kichwani lazima liwe zuri, halijaguswa na brashi. Hata mimi kichwani naimba.

Lakini kuna jambo umelipita mbio kama si kitu. Unasuka. Ulikuwa "unamalizia" kichwa cha mama mwenye safari, umeandika mwenyewe. Niambie, umewahi kumfikisha mteja katikati, ukaona mtindo mwingine mzuri zaidi, ukamwacha na upande mmoja ukamwita mwenzake? Angekukimbiza na chanuo hadi barabarani. Mikono yako inajua kumaliza. Inamaliza kila Jumamosi, hata msuko mmoja ukipinda, kwa sababu mtu amekaa kitini na ana pa kwenda. Kinachokushinda ni kumaliza pale ambapo hakuna anayekusubiri.

Najua unachoogopa kwa huyo wa kushoto. Ukimpa mdomo, shangazi ataona unavyomwona. Pole. Lakini mtu anayeshinda mbele ya vioo anaujua mdomo wake kuliko wewe.

Basi, kesho kabla ya mteja wa kwanza, mwombe shangazi akae kwenye kiti cha wateja. Mfunge kitambaa shingoni, umwambie, "Usiinuke mpaka nimalize." Unaweza kuyasema hayo ukitazama viatu, sina neno. Chora mdomo. Ukipinda, umepinda. Akiinuka, kazi imekwisha na hugusi tena. Kisha shika chokaa mwenyewe, usimngoje fundi, uwafute wa katikati na wa kulia. Ndiyo, pamoja na nywele zao. Aliomba mmoja. Halafu toa hiyo ngazi nje, watu wapite.

Jumapili baba yako huenda bado akasema ukarani. Nenda, makarani nao wana Jumamosi. Ila atakuwa ameamua baada ya kumwona mwanamke mzima.

Na Vidole akikuuliza huyo bibi wa ukutani, sasa amepata mdomo, anasema nini, mjibu: "Anasema, anayefuata!"