Kitoto Kilichofichwa Shavuni

Mtaa wa Xicohténcatl Na. 14,
Apizaco, Tlaxcala,
Meksiko.
4 Februari 2019

Mpendwa mpwa wangu Fidencio,

Nakusalimu kwa moyo mkunjufu. U hali gani, mwanangu? Mkeo Griselda je, kile kifua kimepona? Baridi ya huko Chicago imewapunguzia makali? Sisi huku hatujambo. Baba yako goti linamsumbua, lakini mdomo wake mzima kabisa, bado anagombana na kila apitaye mlangoni.

Kwanza kabisa, asante kwa sweta. Naivaa kila alfajiri nikienda kuoka, na wenzangu wameishikashika mpaka ikabidi niwe mkali. Asante pia kwa maneno yako ya mwaka jana, kwamba wakinifukuza kazi hutaniacha nihangaike. Nilitaka kukueleza kisa chote siku ile kwenye simu, ila ulikuwa unakimbilia mkutano. Sasa kaa chini usome.

Mkate wa Siku ya Wafalme unaukumbuka, au Chicago imekusahaulisha? Anayeuma kitoto cha plastiki kilichofichwa ndani ndiye atakayewalisha wote tamale, ile mikate ya unga wa mahindi ya kupika kwa mvuke, siku ya Kandelaria, tarehe mbili Februari. Pale kwenye duka kubwa ninapooka, kampuni hutugawia wafanyakazi mkate mmoja mrefu kila Januari, nami ndiye ninayeuoka na kuvitia vitoto vitano kwa mkono wangu. Basi miaka nenda miaka rudi, hakuna aliyekipata hata kimoja! Watu wanakata vipande vyembamba, wanatafuna polepole, kisha kila mtu anatazama dari. Nilijua vinakokwenda, nikanyamaza.

Mwaka jana akaja mkurugenzi wa kanda, Bwana Arizmendi, kupigwa picha nasi. Mkate ukakatwa, ukaliwa, ukaisha. Kitoto hakuna. Kwa bahati mbaya, wiki ile ile mteja mmoja alikuwa amelalamika kwamba mkate alionunua kwetu haukuwa na kitu, sijui kama alikimeza bila kujua au vipi. Mkurugenzi akanigeukia mbele ya wote.

"Mama, vitoto unavipeleka wapi? Unaviuza?"

"Nimeviweka, bosi."

"Umeviweka wapi, hewani? Vua aproni twende ofisini. Kuuza mkate bila kitoto ni kumwibia mteja, na mimi sifanyi kazi na mwizi."

Kwa umri wangu huu, nani angenipa tanuri tena? Nikamtazama Zenaida, yule binti wa kaunta ya malipo anayelea wanawe peke yake. Shavu lilikuwa limemvimba kama mwenye jino bovu. Ningesema neno moja tu ningepona, lakini mzigo wa kulisha duka zima ungemwangukia yeye. Nikaanza kufungua kamba za aproni.

Hapo Zenaida akatia vidole mdomoni.

"Hiki hapa, bosi. Mwache Mama Herme. Nimekificha mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa mshahara gani nilishe watu wote hawa? Nikiwapikia tamale hawa, wanangu watakula nini? Hiyo picha yako?"

Crispín wa buchani akainama, akatoa chake kwenye soksi. Wasichana wawili wa mboga wakafungua viganja. Halafu Tomasa wa usafi akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mimi changu nimekimeza, bosi. Ukikitaka sana, subiri kesho."

Tulicheka mpaka mkurugenzi mwenyewe akacheka. Alipojifuta macho akatuambia yale yale unayoniambia wewe na mahesabu yako ya ofisini, kwamba mishahara ikipanda bei zitapanda, na wateja watakimbia.

"Mbona nyama inapanda kila mara, bosi?" Crispín akamwuliza. "Ina maana kuna mtu anaongezwa mshahara kwa siri? Nionyesheni nikampongeze!"

Zenaida hakuwa na mzaha. "Mimi nauza mafuta humu kutwa," akasema, "nikitoka nakwenda kutafuta ya kupima sokoni. Unawatafuta wateja kwa matangazo, na sisi tuko hapa hapa, hatuna cha kununulia."

Mkurugenzi akaniambia nifunge aproni yangu, kisha akaondoka bila picha.

Usidhani mambo yalinyooka siku hiyo. Zenaida na Crispín waliitwa makao makuu mara kadha wa kadha, wakabembelezwa, wakatishwa, wakarudi wamenuna. Tulishikamana, tukadai nyongeza. Mwezi wa Juni mshahara ukapanda. Si wa kujengea ghorofa, lakini Crispín ameacha kile kibarua chake cha usiku, na mimi nimepumzika kufundisha msaidizi mpya kila mwezi, maana sasa wanakaa. Sikufichi, bei ya mkate ilipanda kidogo. Hapo ulisema kweli. Wateja walinung'unika wiki moja, kisha wakarudi na vikapu vyao.

Sasa njoo Januari hii. Nimeoka, tumekusanyika, watu wanakata vile vile kwa woga wa mazoea. Zenaida akauma, akaacha kutafuna. Nikaona mkono unakwenda shavuni, nikajua ndiyo yale yale. Mara akapanda juu ya kiti na kitoto kidoleni, anapiga kelele: "Changu! Nimekipata mimi! Mtakula mpaka mchoke!"

Juzi, siku ya Kandelaria, alikuja na masufuria mawili ya tamale. Nilitaka kumsaidia kukanda unga, akakataa katakata. Aliniandalia mimi kwanza, kabla hata ya meneja. Nililia, mwanangu, nikasingizia pilipili. Namshukuru Mungu kwa kazi yangu, na nawashukuru wale watu walioniokoa wakati nami nilikuwa nimeshafungua aproni.

Baba yako anakusalimu na kuuliza utapiga simu lini. Binamu yako Eulalia naye anakusalimu, amejaliwa mtoto wa kike. Nifikishie salamu kwa Griselda na wanao. Mwenyezi Mungu awafunike kwa rehema zake, awape afya na riziki isiyo na mashaka.

Ndani ya bahasha utakuta kitoto. Ndicho kile cha mwaka jana, kilichotoka shavuni mwa Zenaida. Usikunje uso, nimekiosha. Kiweke mezani kwako ofisini, kikutazame unapopanga mishahara ya watu. Na kwa kuwa sasa kitoto kimekuangukia wewe, Kandelaria ijayo utatulisha. Duka zima linakusubiri.

Mimi shangazi yako ninayekupenda na kukukumbuka,
Hermelinda