Fomu Iliyojua Majibu Kabla Sijauliza

Jumanne. Nakuru imeamka na baridi ile ya kuingia kwa mifupa, na mimi nimeamka na kinyongo na kompyuta.

Wacha niseme ukweli: hii programu mpya ya fomu siiamini. Miaka yote kwa ofisi ya Wakili, mimi ndiye nachapa makubaliano ya familia zinazogawana shamba la marehemu. Mtu akifika kwa meza yangu, namsomea kila mstari kwa sauti kabla hajaweka sahihi. Asiyejua kusoma anasikia. Anayejua lakini anaona haya kuuliza, pia anasikia.

Sasa tumeletewa fomu eti ina akili. Unaandika jina mara moja, linajijaza kurasa zote. Maswali yasiyokuhusu yanajificha. Na hii mpya ya mwezi huu inapendekeza majibu yenyewe, inatuma kwa simu ya mteja, mteja anachora sahihi kwa kidole, imeisha.

Hilo la swali kujificha ndilo linaniogopesha. Kwa karatasi, nafasi tupu inaonekana. Mtu atauliza, hapa mbona hamjaandika kitu?

Leo nimeona kwa macho yangu.

Alikuja mama mmoja wa Gilgil, nitamwita Tabitha ingawa si jina lake, pamoja na kaka yake mkubwa. Baba yao alifariki mwaka jana. Wamezaliwa wanne, wavulana watatu na yeye. Kaka alikuwa amepita jana peke yake akaniachia majina ya wote, na nani ameoa au kuolewa, nikayaingiza, fomu ikajimalizia, na mimi kwa uvivu nikabonyeza bila kuangalia. Leo Tabitha alikuwa ameshika simu, kidole tayari. Akaniambia, "Mama, nionyeshe tu pa kuweka sahihi."

Sijui ni nini kilinisukuma, labda ni mazoea. Nikamwambia ngoja kwanza nikusomee.

Nikafika kwa jina lake. Chini yake kulikuwa kumeandikwa: "Nimeolewa, nimeridhika na kwangu nilikoolewa, na sidai chochote kwa shamba la baba." Kisanduku cha kukubali kilikuwa tayari kimewekwa alama. Swali la anapewa ekari ngapi halikuwepo kabisa.

Tabitha alishusha simu polepole. "Hayo mimi sijasema." Akamgeukia kaka yake. "Ni wewe umesema?"

"Ai, si mimi! Ni kompyuta imeandika!"

Nilimwangalia huyo mzee vibaya, sitadanganya. Jana amekuja peke yake, leo sentensi iko. Nikajua tu kuna mtu ameongea naye pembeni. Nikamshuku yule dada aliyetuuzia programu, na kile kicheko chake kingi. Nikamshuku hata Wakili, ambaye tumekula githeri meza moja miaka yote hii.

Nikafuta ile sentensi na kutoa alama. Swali la ekari likatokea hapo hapo, kama mtu alikuwa amejibanza nyuma ya mlango. Nikauliza, Tabitha aandikiwe ekari ngapi? Kaka akakohoa. Akasema wataenda kuongea nyumbani, warudi Ijumaa. Tabitha akasema sawa, lakini simu aliiweka ndani ya mkoba na kufunga zipu kabisa.

Walipotoka nikaanza upelelezi wangu. Nikatunga familia ya uongo. Mvulana aliyeoa, hakuna kitu. Binti hajaolewa, hakuna kitu. Binti ameolewa: hiyo hapo, neno kwa neno, na swali la ekari limepotea. Nikabadilisha majina mara tano, ni vile vile.

Kumbe si kaka. Kwa hilo angalau nilikuwa nimemhukumu bure.

Nikamwendea Wakili moja kwa moja. Nani ameweka haya maneno kwa fomu yetu? Akaniangalia juu ya miwani. "Mama Shiru, hiyo kitu haitungi. Inaandika ilichofundishwa. Si ni wewe ulichagua faili za kuifundishia?"

Ni kweli. Tuliambiwa tuchague faili safi. Na kwa ofisi yetu, faili safi ni ile ambayo haikurudi kutoka kortini na pingamizi, ile ambayo hakuna mtu alikuja kuililia kwa ngazi zetu. Nilizichagua mwenyewe, tena kwa maringo. Sikujiuliza hata siku moja kwa nini zilikuwa na amani. Zilikuwa na amani kwa sababu mabinti walinyamaza.

Lakini hayo maneno yenyewe? "Nimeridhika na kwangu nilikoolewa." Wakili haongei hivyo. Kuna kitu kingine kipya nilikuwa nimekataa kukishika, nikiona ni umbea mtupu: ukigusa sentensi, inakuonyesha imetoka kwa faili gani. Leo nikaigusa.

Zikaja faili kumi na kitu. Ya zamani kuliko zote ni ya baba yangu.

Ngai, Mungu wangu!

Shamba la Subukia. Niliichapa mwenyewe wiki mbili baada ya mazishi, maana nani mwingine angechapa? Kaka zangu walikuwa wamesimama nyuma ya kiti changu. Hakuna aliyenilazimisha. Hakuna aliyeniuliza, pia. Nikatafuta maneno ya kunifanya nisionekane mwenye tamaa, nikaandika hayo, na yalisikika vizuri, ya heshima. Basi binti yeyote aliyeolewa akija ofisini, nikawa namwandikia hayo hayo, miaka nenda miaka rudi, hadi nikasahau yalitoka kwangu. Nawasomea kwa sauti, wanaitikia kwa kichwa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Siku nzima natafuta mwizi na nimevaa nguo zake.

Na sikuwa nimeridhika. Ndiyo hiyo, nimeiandika. Siku ile nililia kwa choo cha ofisi, nikatoka nikasema ni mafua.

Nimeziondoa zile faili zote kwa programu. Wakili amekubali swali la ekari lisijifiche tena, awe ni mtoto yupi. Hiyo mashine bado siiamini, na sasa hata mimi mwenyewe najiangalia kwa jicho la pembeni.

Ijumaa Tabitha akirudi nitamsomea kila mstari. Lakini kabla ya hapo, kesho asubuhi, nitampigia kaka yangu mkubwa. Nimejaribu kuandika nitakachomwambia, nimefuta, nimeandika tena. Nimebaki na lile swali moja ambalo sikuwahi kumsomea mtu yeyote kwa sauti.

Mimi nilifaa kupewa ekari ngapi?